Chagua siku kwanza, boksi baadaye: jinsi ya kuchagua modeli za magari ya jeshi la Marekani ya Vita Kuu ya Pili

Watu wengi huanza na picha ya boksi. Kifaru cha Marekani kinapasua tope, nyuma kuna moshi, askari watatu wamekaa juu ya bodi na bunduki mapajani. Mtu analinunua, anakata vipande, anagundisha. Wiki mbili baadaye anaona boksi la askari lenye bei nafuu, analichukua nalo. Akimaliza, mezani pana kifaru kilichofika vitani Desemba 1944 na watu waliovaa kama walioteremka Afrika Kaskazini mwaka 1942. Wageni watasifu. Lakini siku mwenyewe akizidi kujifunza, kila akikitazama kifaru kile jicho litakwenda palepale penye kosa. Ninacho kimoja cha namna hiyo kabatini, na ndicho kilichonifundisha utaratibu ninaouandika hapa.

Chagua siku na mahali kabla ya kuchagua boksi. Ukishajua kwamba unataka kijiji cha Ufaransa wiki ya pili ya Novemba 1944, maswali mengine yote yanaanza kujijibu: aina ya kifaru, mzinga, minyororo, jaketi za askari, hata tope liwe kiasi gani.

Hatua ya kwanza: siku na mahali

Marekani ilipigana tangu Desemba 1941 hadi Agosti 1945, muda usiofika miaka minne, lakini vifaa vyake vilibadilika karibu kila msimu. Usijaribu kukariri vyote. Anza na uwanja mmoja kati ya hivi.

Tunisia, mwanzoni mwa 1943, ni mahali pa vifaru vya M3 Lee, virefu kwenda juu, vyenye mzinga mkubwa ubavuni na mdogo kwenye kuba (kuba ni ile sehemu ya juu inayozunguka). Kulikuwa pia na vifaru vya mwanzo vya Sherman (jina rasmi M4), vifaru vyepesi vya Stuart na magari nusu mnyororo, yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma. Hapo ndipo Wamarekani walipopata kipigo kikali katika njia ya Kasserine, Februari 1943. Rangi ni vumbi na jua. Kwa anayeanza, vumbi ni rahisi kupaka kuliko theluji.

Normandy, Juni hadi Agosti 1944, ni Sherman za mzinga wa milimita 75, Stuart za M5A1, na M10 zilizotengenezwa kwa kuwinda vifaru. Kuanzia Julai baadhi ya vifaru vilichomelewa meno ya chuma kwa mbele ili vipasue kingo za udongo na vichaka vilivyozunguka mashamba. Sajini Curtis Culin ndiye aliyepewa sifa ya wazo hilo, na chuma chake kilikatwa kutoka kwenye vizuizi vya Wajerumani vya ufukweni. Mwishoni mwa mwezi huohuo, katika operesheni ya Cobra, Sherman za mzinga wa milimita 76 ziliingia vitani kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukiona mtu ameweka Sherman ya 76 ufukweni tarehe 6 Juni, amekosea kwa wiki saba.

Ardennes, misitu ya Ubelgiji na Luxembourg, Desemba 1944 na Januari 1945, ndiyo theluji ambayo kila mtu anaitaka. Hapa utapata Sherman za M4A3, M36 ya kuwinda vifaru yenye mzinga wa milimita 90, na M18 Hellcat, gari jepesi lililoweza kukimbia kilomita zaidi ya 80 kwa saa. Hapa pia ndipo palipo na Cobra King, kifaru cha M4A3E2 cha Divisheni ya Nne ya Deraya kilichokuwa cha kwanza kuwafikia Wamarekani waliozingirwa katika mji wa Bastogne, tarehe 26 Desemba 1944. M4A3E2 ni Sherman yenye deraya nene kupita kiasi, na zilitengenezwa 254 tu.

Ujerumani ya 1945 ni Sherman za M4A3E8, vifaru vyepesi vya M24 Chaffee, na vifaru vizito vichache vya Pershing. Pasifiki ni ulimwengu wake peke yake, na kuna mtego mmoja pale: Wanamaji wa Nchi Kavu wa Marekani (Marines), wale waliopigana visiwa vya Tarawa na Iwo Jima, ni jeshi jingine kabisa lenye sare zake na vifaru vyake. Usichanganye askari wao na askari wa jeshi la kawaida kwa sababu tu boksi zote zimeandikwa "U.S."

Ukishachagua, tafuta picha. Kitengo cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, Signal Corps, kilipiga picha nyingi mno, na zinahifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Nyingi zinaonekana intaneti bila malipo. Picha tatu au nne za siku na kikosi chako zina faida kuliko video ishirini za watu wanaofungua maboksi.

Hatua ya pili: skeli

Skeli ni kipimo cha modeli ikilinganishwa na kitu halisi: 1/35 ni ndogo mara 35. Kwa magari ya jeshi skeli inayotawala ni hiyo ya 1/35. Namba hiyo haikutokana na hesabu ya kitaalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza modeli ya kifaru cha Panther chenye mota, ukubwa wake ukapangwa ili betri zienee ndani. Baadaye walipopima wakakuta ni karibu 1/35, na dunia nzima ikafuata.

Katika 1/35 mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5 kamili. Sherman ya mzinga wa 75 inakuwa karibu sentimita 17, gari la jipu (jeep) sentimita tisa na nusu. Ni ukubwa unaoruhusu sura ya mtu kuonekana, na hapa pana askari wengi wa kuchagua. Ukitaka watu kwenye kazi yako, chukua 1/35 na usihangaike.

1/48 inafaa kwa mwenye kabati dogo: Sherman ni sentimita 12 na mtu ni sentimita 3.6. Modeli zake hujengeka vizuri, ila askari wake ni wachache. 1/72 ni kwa anayetaka msafara mzima wa malori kwenye ubao mmoja. Mtu hapo ana sentimita 2.4, na kumpaka macho ni kazi ya kuumiza macho yako wewe.

Jihadhari na majirani wanaofanana. Modeli nyingi za zamani za Airfix ni 1/76, na ukiziweka karibu na za 1/72 tofauti inaonekana. Askari wa milimita 54 ni wa karibu 1/32, na wakisimama kando ya jipu la 1/35 wanaonekana majitu. Zile za 1/56 ni za michezo ya vita ya mezani: askari wake wamenenepeshwa vichwa na mikono ili waonekane kwa mbali, hivyo hawaendi na modeli za maonyesho.

Kabla ya kulipia pima rafu yako kwa rula. Namaanisha kweli. Trela la kubebea vifaru la M25, ambalo Tamiya wanalo katika 1/35, linakaribia nusu mita kwa urefu, na hapo hujaweka kifaru juu yake.

Hatua ya tatu: lijue gari, hasa Sherman

Sherman zilitengenezwa zaidi ya 49,000, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kosa la kwanza ni kudhani M4, M4A1, M4A2, M4A3 na M4A4 ni madaraja, kwamba A4 ni mpya kuliko A1. Sivyo. Zilitengenezwa sambamba, viwanda mbalimbali, na tofauti kubwa iko kwenye injini na bodi.

M4 ina bodi ya mabamba yaliyochomelewa na injini ya ndege ya Continental. M4A1 ina injini hiyohiyo lakini bodi yake ni ya kusubu, chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo kona zake zote ni za mviringo kama sabuni iliyotumika. M4A2 ina injini mbili za dizeli. M4A3 ina injini ya Ford ya V8, na hii ndiyo jeshi la Marekani liliyoipenda kuliko zote. M4A4 ina injini tano za Chrysler zilizounganishwa kuwa moja ya silinda 30, na kwa ajili ya mnyama huyo bodi ilibidi irefushwe.

Kwa mwenye nia ya jeshi la Marekani hii inakupunguzia kazi. M4A4 zilikwenda hasa kwa Waingereza. M4A2 zilikwenda kwa Warusi, Wafaransa huru na Wanamaji wa Nchi Kavu. Kwa Ulaya 1944 na 1945, tazama maboksi ya M4, M4A1 na M4A3 tu.

Kisha angalia vitu vitatu kwenye boksi.

Springi za magurudumu. Sherman nyingi zina springi za wima, na minyororo yao ni myembamba. Toleo la M4A3E8 lilikuja na springi za mlalo na mnyororo mpana zaidi, na lilianza kufika mikononi mwa vikosi Ulaya Desemba 1944. Ukiona magurudumu yamepangwa jozi mbilimbili na mnyororo mpana, siku yako isiwe kabla ya hapo.

Uso wa bodi. Sherman za mwanzo za kuchomelewa zina uso uliolala zaidi, wa nyuzi 56, na vifuniko vidogo vya dereva na msaidizi wake vilivyochomoza mbele. Za baadaye zina uso uliosimama zaidi, wa nyuzi 47, na vifuniko vikubwa.

Mzinga na herufi W. Milimita 75 una kuba fupi la mviringo, 76 una kuba kubwa lililorefuka nyuma. Ukiona W kwenye jina, maana yake makombora yalihamishiwa chini ya bodi na kuzungukwa na matangi ya maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu Sherman za mwanzo ziliwaka moto kirahisi mno makombora yakipigwa. Zile za zamani zilibandikwa mabamba ya ziada ubavuni kukinga makombora hayo. Mabamba hayo, kwenye modeli, ni vipande viwili vitatu vya plastiki. Kwa wanaume watano waliokaa ndani yalikuwa na maana nyingine, na mimi nikiyagundisha huwa nakumbuka hilo.

Sasa mfano. Chukua Batalioni ya 761 ya Vifaru, kikosi cha Wamarekani weusi. Walishuka Ufaransa Oktoba 1944, wakapelekwa Jeshi la Tatu la Jenerali Patton, wakaingia vitani Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, mwanzoni mwa Novemba pamoja na Divisheni ya 26 ya Askari wa Miguu. Sajini Ruben Rivers wa kikosi hicho alijeruhiwa mguu, akakataa kuondolewa, akaendelea kuongoza vifaru vyake hadi akauawa tarehe 19 Novemba. Medali ya Heshima alipewa mwaka 1997, miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Ukitaka kuunda kifaru cha kikosi hiki, mkono utakwenda moja kwa moja kwenye boksi la M4A3E8 la Tamiya, maana ni zuri na linajengeka bila ugomvi. Lakini siku inakataa: Novemba 1944, springi za mlalo bado. Unachotaka ni M4A3 (76) W yenye springi za wima, au kifaru chepesi cha M5A1 ambacho batalioni ilikuwa nacho pia. Vuli ile Lorraine ilinyesha bila huruma na mashamba yakawa tope tupu, hivyo vifaru vingi vilifungwa vipande vya chuma pembeni mwa mnyororo kuupanua, vinavyofanana na mdomo wa bata. Tafuta boksi lenye vipande hivyo, au ununue minyororo yake peke yake. Usiweke mifuko ya mchanga kwenye uso wa kifaru, hata kama unaipenda, maana Patton aliipinga mifuko ile katika jeshi lake. Unaona jinsi tarehe moja ilivyofanya kazi yote.

Magari mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa hayana mitego mingi.

Jipu: zilitengenezwa karibu 640,000 na Willys na Ford, na kwa macho zinakaribia kufanana. Tofauti ya kuangalia ni grili: Willys za mwanzo kabisa zina grili ya vyuma vilivyochomelewa, zilizofuata zina ya bati lililobonyezwa lenye mianya tisa. Jipu lilifika kila mahali, hata Burma, ambako askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliliona likipambana na matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944. Mwenye kutaka kuunda kitu kinachotuhusu moja kwa moja hapa nyumbani aanze na jipu.

Lori la GMC la tani mbili na nusu, CCKW: zaidi ya 560,000. Lipo la kebini ya bati na la kebini wazi yenye turubai, na yote mawili yalikuwepo mpaka mwisho wa vita Ulaya. Ndilo gari la msafara wa Red Ball Express, uliobeba petroli, risasi na chakula kuwafuata wapiganaji waliokuwa wakikimbilia mashariki mwa Ufaransa, kuanzia 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944. Takriban robo tatu ya madereva wake walikuwa weusi.

Gari nusu mnyororo: chukua M3 au M3A1. M5 na M9, zenye kona za nyuma za mviringo, nyingi walipewa washirika.

Na kama hujawahi kuunganisha modeli yoyote, usianze na hata moja kati ya hizo. Anza na M8 Greyhound, gari la deraya la magurudumu sita lililotengenezwa na Ford. Halina minyororo, bodi yake ni bapa na rahisi kupaka, lina sehemu wazi juu ya kuweka watu wawili, na lilikuwepo Ulaya tangu Italia mpaka mwisho. Tamiya wanalo katika 1/35.

Hatua ya nne: chunguza kalibu, usiamini boksi

Kampuni hutoa plastiki ileile miaka arobaini baadaye ndani ya boksi jipya lenye mchoro mpya. Tena kampuni moja huweza kununua plastiki ya nyingine na kuitia jina lake. Hakuna ubaya, mradi ujue unachonunua. Tovuti ya Scalemates inaonyesha historia ya kila boksi: kalibu ilichongwa mwaka gani na imetolewa mara ngapi. Andika namba ya boksi, soma, ndipo uamue.

Kalibu za zamani zina dalili zake: matundu ya mota chini ya bodi, sehemu iliyo wazi juu ya minyororo ambapo palipaswa kuwa na bamba, vyuma vya kushikia vilivyoungana na bodi. Zinafaa kwa mtoto au kwa mazoezi ya rangi. Kwa kazi ya dhati, lipa zaidi kidogo upate kalibu ya miaka ya karibuni. Tamiya wanajulikana kwa vipande vinavyoingiana bila kulazimishwa. Asuka, waliokuwa wakiitwa Tasca, wana Sherman nzuri sana, kwa maoni yangu bora kwa maumbo. Wapo wanaokupa vipande mpaka vya ndani ya injini, na hao waachie mwaka wa tatu wa safari yako.

Minyororo itakuja kwa namna tatu. Ya mpira wa kipande kimoja unaizungusha na kumaliza. Ya plastiki iliyokatwa vipande virefu na vifupi unaigundisha kufuata magurudumu. Ya pingili mojamoja ni kazi ya jioni nzima: Sherman ya kawaida ina pingili 79 kila upande. Watu watakuambia mpira ni wa watoto. Kwa Sherman sikubaliani nao. Mnyororo wake ulikazwa, haukulegea juu ya magurudumu kama wa vifaru vya Kijerumani, kwa hiyo ule wa mpira unakaa sawasawa.

Fungua pia mwongozo wa kuunganisha, unaopatikana intaneti kwa maboksi mengi, na utazame hatua ya magurudumu. Hapo utajua kama utaifurahia kazi au itakulaza macho.

Hatua ya tano: watu

Gari bila mtu ni chombo tu. Ukimweka dereva mmoja mwenye uso wa kuchoka, mkono ukining'inia nje ya lori, mtazamaji anaacha kuhesabu bolti na kuanza kuuliza huyu anatoka wapi. Kwa hiyo askari wasiwe kitu cha kutafuta mwishoni kwa pesa iliyobaki.

Mavazi kwanza. Askari wa miguu wa Marekani 1942 hadi katikati ya 1944 amevaa jaketi fupi la rangi ya mchanga wa kijani, kofia ya chuma ya M1, na gaita za turubai zilizofungwa kwa kamba juu ya viatu. Kuanzia vuli ya 1944 lile jaketi refu la M1943, la kijani kilichokolea na mifuko minne, linazidi kuonekana, na viatu vyenye shingo ya ngozi na bizimu mbili vinachukua nafasi ya gaita. Mabadiliko hayakuja siku moja, hivyo kuchanganya kwa Desemba 1944 ni sahihi kabisa. Kuweka M1943 Tunisia si sahihi kamwe.

Wa kifaru ana mavazi yake: helmeti ya matundu yenye vifuniko vya masikio, jaketi fupi lenye kola na vikono vya kufumwa, mara nyingi ovaroli. Wakati wa baridi alivaa chochote kilichompa joto. Kwa Lorraine ya Novemba tafuta makoti ya mvua, makoti mazito, viatu vya mpira vya kuvaa juu ya viatu. Maelfu ya askari wa miguu waliugua miguu vuli ile kwa sababu ya unyevu, hivyo mtu aliyekaa pembeni ya barabara akikausha soksi ana ukweli kuliko anayepiga risasi.

Hilo linanileta kwenye mkao. Maboksi mengi huuza watu wanaokimbia, wanaofyatua, wanaonyoosha kidole. Ukiwaweka watano wa namna hiyo juu ya kifaru kimoja, kila mmoja anatazama upande wake, unapata vurugu. Tafuta waliotulia: anayesoma ramani, anayemimina petroli, anayekula. Na hakikisha macho yao yanaweza kukutana. Watu wawili wanaotazamana wanajenga hadithi ambayo kumi wasiotazamana hawawezi.

Askari wa plastiki wa MiniArt, MasterBox, Dragon na Tamiya ni wa bei ya kawaida, wanne au watano kwa boksi. Wa resini (utomvu wa viwandani unaomiminwa kwenye kalibu), kama wa Alpine, ni mmoja au wawili kwa bei ya boksi zima, lakini nyuso zao zina uhai. Ushauri wangu: wa plastiki kwa kundi, wa resini mmoja kwa yule ambaye jicho litamfikia kwanza. Resini haishiki gundi ya plastiki, inataka gundi ya papo hapo. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, hivyo usugue kwa msasa uliolowa na uvae barakoa.

Ukiunda 761 au Red Ball, utagundua upungufu unaoumiza: idadi kubwa ya maboksi ya askari wa Marekani wana sura za kizungu, na mchoro wa boksi unaonyesha hivyohivyo. Dawa ipo. Vichwa vya resini vinauzwa peke yake, na baadhi vimechongwa kwa sura za watu weusi. Kata kichwa cha plastiki, toboa shingo, weka kipya. Usitosheke na kupaka kahawia juu ya uso uliochongwa kwa mtu mwingine. Na kwenye rangi ya ngozi, usiongeze nyeupe kupata mng'ao, maana uso unakuwa wa majivu. Anza na kahawia nyekundu iliyoiva, mwangaza uupate kwa kahawia ya manjano, vivuli kwa kahawia yenye zambarau kidogo. Kabla ya kupaka, tazama mikono yako mwenyewe juani. Rejea nzuri kuliko hiyo sijaipata.

Hatua ya sita: alama na mizigo

Stika za kuloweka ndani ya boksi zitakupa nyota nyeupe na namba. Tazama kama kikosi kilichotajwa kinaendana na siku yako. Nyota usizipake zikang'aa pande zote: wafanyakazi wa vifaru wengi walizipaka tope au rangi kwa sababu zilimpa mpigaji wa adui mahali pa kulenga. Stika za boksi la zamani huwa zimegeuka manjano, na katika joto na unyevu wa pwani hugeuka haraka zaidi.

Mizigo inunuliwe au itengenezwe, lakini iwepo. Vifaru vya Wamarekani vilibeba maturubai, mablanketi yaliyoviringishwa, madumu ya petroli, masanduku ya chakula. Turubai naliviringisha kwa karatasi ya chooni iliyolowekwa gundi nyeupe na maji, na silinunui.

Rangi ni moja, kijani cha zeituni. Tamiya XF-62 au Vallejo 70.887 zitakutosha. Zipaue kidogo, kwani modeli ndogo huonekana nyeusi kuliko gari lenyewe lilivyokuwa juani.

Hatua ya saba: kununua na kupokea

Kwetu maduka ya modeli ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo wengi tunaagiza nje. Changanya maboksi mawili au matatu kwenye oda moja ili nauli igawanyike, na uweke akiba ya ushuru wa forodha kabla mzigo haujafika. Rangi nyingi na gundi zinashika moto, hivyo wauzaji wengi hawazitumi kwa ndege. Uliza kwanza. Rangi za akriliki za Vallejo huyeyushwa kwa maji, na hilo linakusaidia usipopata kiyeyushi. Brashi nzuri moja ya nywele halisi ina faida kuliko pakiti ya kumi.

Boksi likifika, usianze kukata. Kaa na mwongozo, hesabu fremu zote za plastiki, tazama kama kuna kipande kilichokatika kikaingia pembeni mwa mfuko. Pima bodi kama imepinda kwa joto la safari: iweke juu ya kioo uone kama kona zote nne zinagusa. Iliyopinda kidogo hurudi kwa maji ya moto na uvumilivu, iliyopinda sana piga picha umwandikie muuzaji siku ileile.

Minyororo ya mpira na matairi ya mpira yaweke kwenye mfuko wao peke yao. Mafuta yaliyomo kwenye mpira ule huila plastiki polepole ikikaa inagusana, na katika chumba chenye joto kazi hiyo haichukui miaka mingi. Boksi lenyewe liweke mbali na dirisha, juu ya kabati la ndani, na juu yake uandike kwa penseli siku na mahali ulipochagua, ili utakapolifungua miezi sita baadaye ujue ni askari gani wa kununua.